Mwaka Niliokuwa Dada wa Mume Wangu

Arobaini ya mume wangu Idi ilipokwisha, majamvi ya jirani yakarudishwa na masufuria makubwa yakapelekwa msikitini yalikotoka, wanangu waliniambia nitafute karatasi. Mwanamke aliyeishi na mume zaidi ya miaka ishirini na mitano, akamzalia watoto wanne, akamfumba macho kwa mkono wake, bado anatakiwa aonyeshe kwa maandishi kwamba alikuwa mke, la sivyo nyumba inaanza kuzungumziwa na watu ambao hata kwenye arobaini hawakuja. Sikukasirika. Mambo ya karatasi nimeyazoea, na mengine nimeyapita yakiwa magumu kuliko haya. Nilivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, lile ambalo ufunguo wake ulikaa mfukoni mwa Idi maisha yake yote, nikaketi kwenye mkeka pamoja na Salma, binti yangu wa kwanza, ambaye siku hizi anafundisha watoto kusoma Kurani katika chuo cha mtaani kwetu. Sanduku lilitoa harufu ya sabuni. Idi alikuwa fundi wa sabuni, na kila alichokigusa kilibaki na harufu hiyo, hata mto wa kulalia. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira, niliikuta fomu ya kodi ya mapato ya mwaka ule. Nikacheka. Salma alinitazama kwa wasiwasi, kama ninavyojua watu huwatazama wajane wanaocheka.

"Karatasi ya kodi inachekesha nini, mama?"

"Hii ndiyo iliyonifanya mke wa baba yako," nikamwambia. "Kabla yake nilikuwa dada yake."

Nilivyovuka ziwa kutoka Baraka, mji wa ng'ambo, na niliowaacha kule, sitaki kueleza hapa. Nianzie pale nilipokuwa tayari katika nyumba ya mama yake Idi, katika mtaa wa Waswahili hapa Rumonge, miaka ya vita, na vita vilikuwa pande zote mbili za ziwa. Shehe alitufungisha ndoa sebuleni, mimi Mkristo nimekaa kimya nyuma ya pazia, Idi akitaja mahari kwa sauti iliyomkauka, na shehe akatuandikia karatasi yake. Komini, kwenye ofisi ya serikali, hatukwenda. Nani alikuwa na hamu ya kwenda komini wakati ule? Milimani bunduki zililia siku moja na kunyamaza tatu, magari ya Bujumbura yalikwenda kwa msafara na askari mbele na nyuma, na sisi tulishukuru kwamba ziwa bado linatoa ndagala, dagaa wetu, na michikichi bado inatoa mawese. Mawese ndiyo yaliyotulisha. Uani kulikuwa na nusu ya pipa ambamo Idi aliyachemsha na soda kali ya sabuni mpaka yakawa uji mzito, akaumimina kwenye vibao, na ulipoganda akaukata kwa waya. Sabuni zilikaushwa sebuleni kwa sababu uani ziliibwa, kwa hiyo mgeni yeyote aliyetutembelea aliketi katikati ya miche ya sabuni. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, na kuta zake hazikufika kwenye mabati. Ukikohoa chumba kimoja, unaambiwa pole katika kile cha tatu.

Mama mkwe wangu aliitwa Tausi, lakini jina hilo nililijua kwa bahati tu. Mtaa mzima ulimwita Mama Idi, kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama ilivyo desturi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye shingo iliyonyooka, na hakuwahi kunitukana hata siku moja. Alinifanyia jambo baya zaidi: alinikirimu. Kila mchana ugali wa muhogo uliwekwa kwenye sinia, na mchuzi wa samaki au mboga ya lengalenga katikati, na Idi na mama yake wakakaa kulizunguka wakala kwa mkono. Mimi niliwekewa changu pembeni, katika sahani ya enameli yenye maua mekundu na mfuniko wake, sahani ambayo katika nyumba ile ilitolewa kwa wageni tu. "Mugeni ale," alisema. Nikiinuka kuosha vyombo: "Mugeni, kaa." Nikishika ufagio: "Mugeni, acha." Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikaa mwaka na nusu sijapewa hata mwiko. Vipande vyangu vya samaki vilikuwa vikubwa kuliko vya Idi, na nilivila huku nikisikia vidole vyao vikigongana kwenye sinia.

Nami nina kiburi changu, Mungu anisamehe. Kwa kuwa hakuniita mwanangu, sikumwita mama. Nilimwita Mama Idi kama majirani. Kama hilo lilimuuma, hakuonyesha.

Sasa habari ya udada. Ilianza barabarani. Kila juma Idi na mimi tulikwenda Magara na sabuni kwenye kikapu, tukaziuza kwa wanawake wa wavuvi pale ufukweni, tukarudi na samaki. Njiani kulikuwa na kizuizi cha askari. Mara ya kwanza askari alininyoshea kidole akauliza huyu ni nani, na Idi, ambaye alikuwa mwoga kuliko kuku lakini mwenye akili za haraka, akajibu: "Dada yangu." Mke kutoka ng'ambo angezaa maswali: alivuka lini, na nani, karangamuntu yake iko wapi? Kitambulisho hicho cha Warundi mimi sikuwa nacho. Dada hazai swali lolote. Nilifunga kitambaa kichwani kama wanawake wa mtaani kwetu, Kiswahili changu na chao havikutofautiana sana masikioni mwa askari aliyechoka, tukapita. Juma lililofuata nikawa dada tena, na lililofuata pia, mpaka askari wakawa wananisalimu: "Dada wa Sabuni, amahoro!" Uongo ukizoeleka unakuwa na njia yake, unatembea wenyewe. Mwanzoni mwa mwaka fomu za kodi zilipoletwa kwa wafanyabiashara wote wadogo, Idi aliketi sebuleni kati ya sabuni zake, akaandika mapato, akafika kwenye mistari ya watu wanaoishi nyumbani, na mkono wake ukaandika wenyewe: mama yangu, kisha Furaha binti Saidi, dada. Furaha ni mimi; Saidi alikuwa baba yake, marehemu. Akatia sahihi chini ya maneno yanayosema kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli, akapeleka. Aliniarifu wakati wa chakula, kama mtu anayetaja kazi ndogo iliyokwisha.

"Nimekuandika dada."

"Dada ya nani?"

"Yangu. Ni vizuri ivyo. Hawatauliza kitu."

"Idi, mutu analala na dada yake?"

Mama Idi alipaliwa na ugali. Ilibidi apigwe mgongoni. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwona akizuia kicheko, na nilijilaumu kwa kufurahi.

Mwaka ukapita. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata nilikuwa na mimba ya miezi mitano, ya huyu Salma, na ndipo chefu wa kartiye, mkuu wa mtaa wetu, alipopita mlango kwa mlango na tangazo. Wageni wote wasio na karatasi wataandikwa kwenye orodha, na walio kwenye orodha watapelekwa bandarini warudishwe ng'ambo. Chefu alikuwa mtu wa hapahapa, alitujua sote, na mlangoni kwetu alisimama kwa muda mrefu akitazama sabuni kana kwamba anataka kununua. Ng'ambo, wiki ile, watu walikuwa wakikimbilia huku kwetu kwa mitumbwi. Kurudishwa kule na tumbo lile lilikuwa jambo ambalo hakuna aliyehitaji kulieleza.

"Idi," chefu alisema mwishowe, "andika muke yako ku kodi. Karatasi ya shehe wataiangalia tu. Lakini ya kodi, biro yenyewe inapiga kashe. Akikuwa na kashe, miye simuweke ku liste. Hakuna mutu anadanganya ili alipe."

Alituachia neno hilo, kashe, muhuri wa ofisi, akaondoka, nasi tukatazamana. Sisi tulikuwa tumedanganya ili tulipe.

Ofisi ya kodi ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, kabati la chuma ambalo mlango wake ulizuiwa kwa kiti, na mashine ya kuandikia iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Benchi lilikuwa limejaa watu wenye fomu mikononi. Karani alikuwa mtu wa makamo, shati lake safi, miwani yake imefungwa uzi kwenye kiungo. Alisema nasi kwa upole, na nikaona afadhali angekuwa mkali, kwa maana mkali humalizwa kwa kuombwa. Alipokea fomu yetu mpya, akaisoma, akainuka, akaondoa kile kiti, akatafuta kabatini fomu ya mwaka uliopita, akaziweka mbili hizo pamoja, ubavu kwa ubavu.

"Mwaka yenye imepita uko na dada, anaitwa Furaha," alisema. "Mwaka huu uko na muke, anaitwa Furaha. Dada alienda wapi?"

"Njo huyu huyu, patron," Idi alisema, akimaanisha ndiye mimi.

"Njo huyu huyu. Umeoa dada yako?"

"Hapana! Hakukuwa dada. Nilikosea."

"Ulikosea kuandika, ao ulikosea kuoa?"

Benchi zima lilicheka. Mimi nilitazama vidole vyangu juu ya tumbo. Karani hakucheka, alisubiri watulie, kisha akaeleza taratibu, kama mwalimu. Mwenye mke na mtoto anapunguziwa kodi, kwa hiyo kila mwaka huja wanaume wenye wake wa kuazima. Mwaka huu, na lile tangazo, watakuja wengi zaidi. "Hii ya mwaka jana iko na sinyatire yako. Nikikubali hii mupya, ile ni uongo. Nikikubali ile, hii ni zambi. Miye nitapigia kashe gani?"

Idi alimwonyesha karatasi ya shehe. Karani aliisoma yote, akaikunja, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Shehe hakukuzaa. Leta mwenye alikuzaa. Aje siku ya Ijumaa, aseme huyu mwanamuke ni nani."

"Na akisema ni binti yake?" nikauliza. Sijui nilitoa wapi sauti.

"Basi uko dada, na muke hakuna. Nitakata hii jina."

"Na akisema hanijui?"

Alivua miwani, akaifuta. "Basi hauko dada, hauko muke. Itakuwa kazi ya chefu wa kartiye."

Niliogopa. Nasema wazi, maana wanangu hupenda kunisimulia kama mwanamke shujaa, na ushujaa siku ile haukuwapo. Na sikuiogopa mitumbwi kama nilivyouogopa mdomo wa yule mwanamke. Maisha yangu, na ya mtoto aliyekuwa akinipiga teke chini ya mbavu, yalikuwa yamewekwa kwenye mdomo ambao kwa mwaka na nusu ulikuwa na jina moja tu kwangu.

Idi alimweleza mama yake siku ileile, Jumanne, wakati wa kula. Tulikuwa na mukeke wa kuchoma na ndizi zilizopikwa kwa mawese. Alieleza yote: kabati, fomu mbili, Ijumaa. Mama Idi alimchambua samaki wake, akapanga miiba ukingoni mwa sinia mmoja baada ya mwingine, na Idi alipomaliza akasukuma sahani ya maua karibu nami. "Kula, mugeni. Chakula kinapoa." Basi. Jumatano ikapita, nami sikumwomba. Leo najiuliza ni kiburi gani kile, mwanamke mwenye mimba anaona chombo kinazama na anakataa kuomba kamba kwa sababu ya jina la kuitwa. Lakini ndivyo nilivyokuwa. Alhamisi alasiri nilikuwa nimelala chumbani, na Mama Zuhura, jirani yetu wa mlango wa pili, alikuja kumsaidia kuchambua ndagala sebuleni. Nilisikia mchanga wa ndagala ukidondoka kwenye ungo, na sauti zao zikapita juu ya ukuta kama kawaida.

"Kesho utasema nini?" Mama Zuhura aliuliza.

"Nitasema chenye nitasema."

"Si umuite tu mwanangu, Mama Idi, na roho yake itulie? Mutoto wa watu anakonda."

"Nimuite mwanangu juu ya nini?" Ungo ukatikiswa. "Mugeni akienda, unafunga mulango, unalala."

Sikungoja mengine. Niliamka, nikafunga vitu vyangu ndani ya kitenge: nguo mbili, Biblia, na kofia ya mtoto niliyokuwa nimeanza kuifuma. Nilifunga fundo nikalifungua nikalifunga tena. Idi aliporudi akaliona lile furushi kitandani, alikaa karibu nalo akaweka mkono juu yake kama mtu anayemzuia mnyama asitoroke. Alikuwa na harufu ya sabuni na alikuwa akilia, na mimi nilimkasirikia kwa sababu ya neno moja aliloliandika kwa woga, na nilimpenda kwa sababu ya woga huohuo.

Ijumaa Mama Idi alivaa kitenge chake cha sikukuu na mtandio mweupe, akatangulia mbele yetu njia nzima bila kugeuka. Ofisini karani alisimama akampa kiti chake mwenyewe.

"Mama, amahoro."

"Amahoro, mwanangu," akajibu.

Mwanangu! Karani wa kodi, mtu ambaye hakuwahi kumwona, alilipata kwa salamu moja. Lilinichoma mpaka nikasahau kuogopa.

Karani aliweka fomu mbili mbele ya Mama Idi, ingawa hakuwa na uhakika kama anaweza kuzisoma, akanielekezea kalamu. "Mama, huyu ni nani kwako?"

Aligeuka akanitazama. Alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka kwenye ndara, akarudi kwenye tumbo, akakaa hapo.

"Huyu iko muke wa Idi," alisema.

"Haiko binti yako?"

"Miye nilizaa wavulana watatu. Binti, Mungu hakunipa. Angenipa, ningemuficha wapi, mu nyumba ya vyumba vitatu?"

"Lakini mutoto wako aliandika dada. Akatia sinyatire."

"Mutoto wangu aliogopa. Mutu mwenye anaogopa anaandika vibaya." Aliinua kidevu. "Weye mwenyewe, mwanangu, hii miaka yote, hujasema kitu juu ya woga? Hata siku moja, njiani, hujasema uko mutu mwingine?"

Hakuna aliyecheka. Kila mtu kwenye benchi lile alikuwa amepita kwenye kizuizi fulani na kusema kitu. Karani alizishika karatasi, akazipanga zikakaa sawasawa ingawa zilikuwa zimekaa sawa tangu mwanzo. Kisha akaweka karatasi ya kaboni kati ya fomu mpya na nakala yake, akaonyesha mstari wa chini.

"Weka jina yako hapa, mama. Kama haujui kuandika, kidole." Akafungua kibweta cha wino.

"Kidole!" Mama Idi alikisukuma kile kibweta kama sahani yenye nzi. "Miye nilisoma chuo." Akaichukua kalamu, akainama, akaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wanawake wa rika lake waliosomea Kurani na hawakuwahi kukanyaga shule. Aliandika polepole, akikandamiza. Idi aliwahi kuniambia kwamba mama yake hata orodha ya vitu vya sokoni huiandika hivyo, Kiswahili ndani ya herufi za Kiarabu.

"Umeandika nini, mama?" karani aliuliza, akigeuza kichwa huku na huku.

"Jina langu. Si njo uliomba?"

Karani alimpa Idi karatasi atie sahihi pembeni. Nilimwona Idi akiinama, nikamwona akiganda. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso papo hapo. Aliweka kiganja cha kushoto juu ya maandishi ya mama yake, akatia sahihi kwa mkono wa kulia, na kiganja hakukiondoa mpaka karani alipoivuta karatasi na kupiga kashe, mara mbili, juu na chini, kwa nguvu iliyofanya mashine ya kuandikia ilie. Nilidhani ni woga wake wa siku zote.

Nilikuwa mke. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchagua samaki.

Tulirudi, Mama Idi akiwa mbele vilevile. Tulipofika kwenye kona ya soko Idi aliegemea ukuta akaanza kucheka. Alicheka mpaka akachutama. Nikamuuliza nini, akafuta macho, akasema: "Mama anaandika kama kuku anachakura."

"Idi," mama yake alisema bila kugeuka, "funga kinywa."

Akakifunga.

Mchana ule sinia lilipoletwa niliketi mahali pangu pembeni, nikangoja. Sahani ya maua haikuja. Niliiona kule jikoni, imewekwa chini ya dumu la mawese lililokuwa likivuja, imejaa mafuta mekundu. "Sahani imetoboka," Mama Idi alisema, akasogea kidogo kwenye mkeka. "Kaa hapa. Nimechoka kuosha vyombo vya watu wawili wawili." Sahani iliyotoboka haishiki mafuta, hata mtoto anajua. Nilikaa. Goti lake liligusana na langu. Nilinyosha mkono kwenye sinia, na vidole vyangu vikagongana na vya Idi, na sikuonja chochote katika chakula kile kwa sababu nilikuwa nikimeza machozi. Tulipomaliza alinitupia kitambaa cha vyombo. "Vyombo havijioshi."

Chefu alipopita na orodha yake, aliona kashe, akatikisa kichwa, akaenda mlango wa pili. Mapendo, msichana wa ng'ambo aliyekuwa akinisuka nywele, hakuwa na mume wala karatasi, na alikwenda bandarini na wengine. Alinipungia kitana changu alichokuwa hajanirudishia. Sikupata habari zake tena, na kila ninapoisimulia hadithi hii kama kichekesho namkumbuka. Salma akazaliwa mvua zilipokwisha. Bibi yake alimpokea kwa mikono yake, akamkata kitovu, akamwogesha kwa sabuni ya nyumbani. Tangu hapo aliniita Mama Salma, kama majirani walivyoniita, nami nikaendelea kumwita Mama Idi. Tulipika pamoja, tukagombana juu ya chumvi, tukakimbia pamoja mara mbili na kurudi mara mbili. Alipougua nilimgeuza kitandani miezi minne. Lakini "mwanangu" sikulisikia, nami "mama" sikulitoa. Nilijiambia kwamba alinipa alichoweza: mahali kwenye sinia. Nikajiambia kinatosha.

Haya yote nilimsimulia Salma pale kwenye mkeka. Alicheka palipochekesha, akamlilia baba yake machozi mawili matatu, kisha akaichukua ile fomu aitie kwenye jalada pamoja na cheti cha kifo. Ilikuwa nakala ya kaboni, bluu iliyofifia, lakini mwandiko wa chini ulikuwa bado umesimama, kwa jinsi yule mwanamke alivyoikandamiza kalamu.

"Hapa ndipo bibi alipoandika?"

"Hapo. Jina lake. Tausi."

Salma aliisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Kidole chake kilianza kulia, kikatembea kwenda kushoto, kikasimama, kikarudi kulia.

"Mama," alisema, "hapa hapana Tausi."

"Basi Mama Idi."

"Hata Idi hapana." Alisoma kama anavyowasomesha watoto wake chuoni, herufi moja moja. "Mama. Halafu fe. Re. He." Akaniangalia. "Ameandika Mama Furaha."

La kwanza nililolihisi lilikuwa jasho, lilelile la Idi. Lau karani yule angejua herufi zile! Mwanamke ametoka kusema mbele ya benchi zima kwamba Mungu hakumpa binti, na papo hapo, juu ya karatasi ya serikali, anajiandika mama yangu. Tungekwisha. Ningekuwa dada tena, kwa mwandiko wa shahidi wetu wenyewe, na ningeshuka bandarini na Mapendo. Ndiyo maana ya kile kiganja. Ndiyo maana ya kicheko cha pale sokoni, na ya ufunguo uliokaa mfukoni mwa Idi miaka yote ile, kwa sababu mama yake alimwambia afunge kinywa naye alikuwa mtoto mtiifu. Mdomo wake ulimpa karani alichokitaka, na mkono ukasema lake. Hata yale maneno ya siku ya ndagala niliyaelewa wakati ule: mgeni akienda unalala, mwanao akienda hulali. Nilicheka mpaka Salma akaja kunishika mabega, na aliponishika akagundua kwamba sicheki.

Nilimwambia asome tena. Akasoma tena.

Baada ya Ijumaa ile aliishi miaka kumi na mmoja, tukila kwenye sinia moja, goti kwa goti, na kila siku ya miaka hiyo nilimwita Mama Idi.